Mukeka ya Mama Marehemu

Hapa Kindu, ukiuliza nyumba ya Mama Scholastique, watu watakujibu: Scholastique gani? Lakini ukisema Mama Marehemu, hata mutoto mudogo atakuonyesha njia. Fuata reli, pita pale mabehewa ya zamani inaota majani, ukisikia harufu ya mikate, umefika.

Watoto wa masomo walikuwa wanamupigia kelele kila asubui: "Marehemu, nipe mikate ya moto!" Naye alikuwa anajibu bila kuinua kichwa: "Ngoja, mafuta haijachemuka. Ao unataka unifuate kaburini na tumbo wazi?" Watu wanacheka. Mugeni mwenye hajui anabaki mudomo wazi, mukate mukononi.

Siku moja muntu wa taxe, mukusanya kodi, alikuja kwa meza yake na sura ya serikali. Mama akamutazama kutoka viatu paka kofia.

"Mutoto yangu, uliona wapi maiti analipa taxe?"

"Mama, usinichezee."

"Sikuchezei. Nenda Kibombo uulize. Walinilia, walinyoa vichwa, walikula mbuzi, walirithi. Udai wale wenye walirithi."

Muntu wa taxe alicheka paka akaketi, akala mikate, akaenda zake.

Mama alikuwa anacheka naye, lakini maneno yenye alisema ilikuwa kweli. Mama alikufa mara mbili, na ile mara ya kwanza alikuwa muzima.

Miye naitwa Aïcha. Nauza inite ya kupigia na nachajia watu telefone pale pale kwenye meza ya mikate. Masomo niliacha njiani, mudomo sikuiacha. Mama Scholastique hakunizaa, alinilea. Alikufa kweli mwaka jana, wakati ya mvua, na tansio, ile ugonjwa ya damu kupanda. Aliacha testama, wasia ya kuandikwa: nyumba na parsele, kiwanja yake, iende kwa Aïcha. Watoto yake wa kuzaa, Henri na Marie-Louise, wenye hawakukanyaga hapa tangu vita, wakakuja kuivunja ile testama. Sokoni sasa kuna midomo inasema eti Aïcha aliiba nyumba ya watu. Basi nasimulia vile ilikuwa. Mwenye hatafurahi, akuje aniambie machoni. Anajua kwenye nakaa.

Wakati ya vita, kuna kipindi muji ilifungwa. Askari ndani, mai-mai wa pori inje, sisi katikati kama karanga ndani ya kinu. Treni ilisimama. Mashamba iko pale, unaiona, lakini ukienda hurudi. Chumvi ikawa kitu ya kulamba kwa kidole, siyo ya kutia mu chungu. Mama alikuwa amebaki peke yake. Bwana yake, fundi wa reli, alikufa zamani. Watoto alikuwa amewatanguliza Kibombo kwa kaka yake, mujomba Kitenge, maana kule Mama mwenyewe alikuwa na shamba yake ya ngazi, ile miti ya mawese, na mbuzi yake, na mashini yake ya kushona. Aliwaambia: "Nendeni, nitafunga nyumba, nitawafuata." Walipofika kule, njia ikafungwa nyuma yao.

Jirani yake alikuwa mwanamuke mumoja anaitwa Rachida. Bwana ya Rachida walimukamata kubeba mizigo ya askari, hakurudi. Rachida alibaki na mutoto wa kunyonya, na maziwa ilikuwa inakauka. Huyo mutoto ni miye.

Asubui moja Rachida alisema: "Nitafuata reli. Nasikia kuna mashamba ya muhogo yenye watu waliacha. Nikikufa njiani ni sawasawa na kufa hapa." Alikuwa na kitambaa moja tu, na ile ilikuwa inanifunika miye. Mama akafungua sanduku yake. Ndani ilibaki kitambaa moja pia. Zingine zote alikuwa amezibadilisha na chakula. Ile moja ilikuwa ya ndoa ya Marie-Louise.

Musikie vizuri hapa, maana hapa njo mambo yote ilianzia. Kwetu, siku ya ndoa, familia yote inavaa kitambaa sawasawa. Lakini mama ya bibi-arusi anavaa yake ya peke yake, ili muntu akimuona hata kutoka mbali ajue: yule njo mama mwenye ndoa. Hakuna mwingine anaivaa, haiazimishwi, haiuzwi. Ile ya Mama Scholastique ilikuwa ya kijani na ndege nyekundu. Kibombo muzima walimuona akicheza nayo.

"Funga hii," alimwambia Rachida. "Utabebea muhogo ndani. Mutoto umuache kwangu, analia sana, atakufichua mbele ya bunduki. Nenda nayo, urudi nayo."

Hakurudi. Risasi ilikuwa ya nani, hakuna mwenye aliniambia. Watu wa kijiji kimoja kando ya reli walimuzika pale pale. Muntu mumoja wa Kibombo alikuwa anapita, akakuta wamekwisha kufunika uso. Aliona kitambaa tu. Kijani, ndege nyekundu. Akashika kichwa: "Yoo! Huyu si Scholastique, dada ya Kitenge?" Akatembea na ile habari paka kwao.

Kwa ile siwahukumu. Nani angefikiri kitambaa ya mama ya bibi-arusi iko kwa kiuno ya muntu mwingine? Walilia ya kweli. Walilala chini, walinyoa vichwa, walichinja mbuzi, kilio ikafungwa. Kisha wakagawa vitu. Henri, mukubwa, akachukua shamba ya ngazi. Marie-Louise akachukua mashini ya kushona. Mujomba Kitenge akachukua mbuzi zenye zilibaki.

Na Mama, wakati wanamugawa hivyo, alikuwa hapa Kindu ananikorogea uji na punje ya muchele yenye aliokota chini na vidole.

Amani ilipokuja, alinifunga mugongoni akafuata reli kwa miguu. Ile safari alinisimulia mara nyingi, na kila mara alianza kucheka pahali pamoja: pale alimukuta Marie-Louise kisimani. Marie-Louise alimuona, ndoo ikaanguka, akakimbia akipiga kelele: "Muzimu! Muzimu ya mama!" Na Mama nyuma yake, akichechemea: "Muzimu gani anatoka jasho hivi? Wewe mutoto, nipe maji nikunywe!"

Alicheka paka pale. Yenye ilifuata alikuwa anaisema pole pole.

Kwa ukoo wao, muntu mwenye walimulilia akiwa muzima hawezi kuingia tu na kukaa. Lazima wamurudishe. Wanatandika mukeka mupya mulangoni. Kila mwenye alirithi kitu anakuja kuiweka pale juu, mbele ya watu wote, hata kama ni kijiko, na kama kitu yenyewe haiko tena anasema ilikwenda wapi. Mwenye alirudi anakaa katikati ya vitu yake. Mutoto mukubwa anamumwangia maji kwa miguu, anamuita jina, anamwambia karibu kwako. Anasimama, anaingia ndani, anakuwa muzima. Bila ile, anabaki maiti. Hamukuli naye sahani moja. Hamumuiti mama.

Mama mwenyewe akaenda kwa mufumaji, akachagua mukeka ya mistari nyeusi, akautandika mulangoni kwa kaka yake, akakaa kando kungojea. Mujomba Kitenge alisema ataleta mbuzi kama watoto wataanza. Marie-Louise alisema ataleta mashini kama yaya yake, mukubwa wake Henri, ataanza. Wote wakamutazama Henri.

Henri alikuwa amekwisha kuuza shamba. Miti na udongo yake. Alikuwa amenunua vyombo ya kuchimba mawe ya madini kule Pangi. Angeweza kusema: "Mama, niliuza, nilifikiri umekufa." Ile tu. Mama aliniambia angeitika hata kabla hajamaliza. Lakini Henri alisimama mbele ya watu, akasema: "Mama yangu nilimulia, nikamufungia kilio. Huyu mwanamuke simujui. Muzima gani anatoka Kindu na mutoto wa Kiislamu mugongoni?"

Marie-Louise alinyamaza. Ile mashini njo ilikuwa inamulisha.

Mama akakunja mukeka, akauweka juu ya kichwa, akarudi Kindu na miye mugongoni. Tangu siku ile watu wakamupa jina ya Marehemu. Angeweza kulikataa. Akalivaa kama kofia.

Nilikomaa chini ya ile mukeka. Ilikuwa imefungwa kwa kamba chini ya bati, juu ya kitanda yetu. Kila kiangazi aliishusha, akaipiga fimbo, akaianika kwa jua, akairudisha. Siku moja wageni walikuwa wengi, miye mutoto nikaichukua nikalala juu yake. Mama alinipiga kofi. Ile moja tu, maisha yote.

"Hiyo si ya kulalia."

"Ni ya nani?"

"Ya wenye wanakuja."

"Mama, hawakuji!"

"Basi itangoja."

Niseme kweli, niliichukia ile mukeka kuliko hata Henri. Miye nilikuwa pale, nakata kuni, nachota maji, nageuza mikate, na mukeka ilikuwa inawangojea wengine.

Lakini usifikiri alinilea kama mutumishi. Jirani walipomwambia anibatize, aliwajibu: "Nilimukuta na jina yake. Miye pia nina langu, na watu wameniongezea la pili, kwetu majina haikosi." Alinipeleka madrasa yeye mwenyewe, na kilemba yenye alinyosha na pasi ya makaa, akakaa inje na rozari yake kuningojea. Mwalimu akimuona anasema: "Mama Marehemu, ingia basi ukae kivulini." Naye: "Niache hapa. Nikiingia kwako na kwa padiri, mutagombania maiti."

Njo huyo muntu. Testama alikwenda kuiandikisha na miguu yake, akili timamu, na kitambaa safi. Nilimwambia: "Mama, wataleta maneno." Akasema: "Walete. Kwanza ni miaka mingapi hawaniletei hata maneno?"

Alipokufa nilituma habari Pangi na Kibombo. Jibu ya Henri ilifika kwa telefone, nikaisikia na masikio yangu: "Sisi tulilia zamani." Basi tulimuzika sisi. Wamama wa mikate, wamama wa kanisa, wamama wa musikiti wenye walileta sufuria ya wali. Mutoto wa tumbo yake hata mumoja hakuwa pale.

Wakati ya kuzika machozi ilikuwa imekwisha. Wakati ya kurithi, ikarudi.

Walifika kwa siku moja. Henri na shati ya kung'aa na tumbo mbele, anatoka Pangi. Marie-Louise amekonda, na mizigo yote ya nyumba yake juu ya mukokoteni: godoro, masufuria, kitu kizito kimefungwa ndani ya blanketi. Bwana yake alikuwa amemuacha, na Henri alikuwa amemuahidi chumba hapa, kwangu! Mujomba Kitenge walimuleta kutoka Kibombo, maana bila sahihi ya mukono yake karatasi ya baraza ya familia haina nguvu, na bila ile karatasi tribunali, korti ya muji, haifungui mulango. Shefu wa katiye, mukubwa wa mutaa yetu, akakuja kuwa shahidi. Henri alikuwa na mufuko mudogo ya duka. Niliona ndani: kufuli mupya, kubwa, na funguo zake. Alikuja kurithi na kufuli mukononi, hata hajasalimia.

"Karibu, yaya Henri," nilimwambia.

"Usiniite yaya. Yaya ya nani?"

"Basi nikuite nani? Muheshimiwa?"

"Aïcha," shefu wa katiye akasema, "punguza."

"Nimepunguza, shefu. Hapa njo chini kabisa."

Mujomba Kitenge akapiga fimbo chini: "Kwanza chai iko wapi? Nimetoka Kibombo na ile treni, mifupa yote inalia, na ninyi munaanza na kelele."

Nikamupa chai. Mikate pia. Adabu ninayo, muntu asiseme.

Tukakaa uani. Wamama wa mikate walikuja kusimama kwa ukuta, mikono kiunoni, hakuna mwenye aliwaita na hakuna mwenye angewafukuza. Henri alianza. Alisema sheria iko wazi, mutoto wa damu njo anarithi. Alisema testama ni ya kulazimishwa, mama alikuwa muzee, mutoto wa kuokota alimuzungusha kichwa. Akageuka kwangu: "Wewe walikuokota. Chukua nguo zako na ile meza ya telefone, uende. Hatutakudai kitu."

Damu ilinipanda. Lakini sikupiga kelele. Nilimugeukia muzee.

"Mujomba Kitenge, Mama Scholastique alikufa lini?"

"Si mwaka jana?"

"Ile ni ya kwangu. Nauliza ya kwenu."

Muzee akaweka kikombe chini. "Ee. Ya kwetu ilikuwa wakati ya vita."

"Henri alinyoa?"

"Alinyoa."

"Alirithi?"

"Alirithi. Wote tulirithi. Mbuzi zilikuwa na mafuta ile mwaka."

Wamama kwa ukuta wakacheka, na mumoja akasema kwa sauti: "Muzee anakumbuka mafuta, hakumbuki dada!"

"Basi Henri," nikasema, "mama yako alikwisha kufa, ukamulia, ukamurithi, ukala ukamaliza. Huyu mwenye sisi tulizika mwaka jana ulisema mbele ya watu humujui. Muntu mwenye humujui, unamurithi namna gani?"

"Ile ilikuwa kosa!" Henri akasimama. "Ilikuwa vita! Tuliona kitambaa yake!"

"Nani alikulaumu kwa kulia? Kaa chini. Kwa kulia nakushukuru." Akafikiri namucheka. "Nasema kweli. Mwenye alikuwa na ile kitambaa alikuwa mama yangu, Rachida. Hakuna ndugu yake hata mumoja alijua. Hakuna mwingine alimulilia hapa duniani, ni ninyi tu. Mulimulalia chini, mulimunyolea vichwa, mulimuchinjia mbuzi. Mama yangu alipata kilio ya heshima kwenu. Kwa ile, asante, na nitasema asante paka nikufe. Lakini wa kwenu alikuja na miguu yake, mukamuacha mulangoni."

Marie-Louise alikuwa anatazama mikono yake.

Niliingia ndani, nikapanda juu ya kitanda, nikakata kamba kwa kisu. Vumbi ikanijaa machoni. Nikatoka nayo, nikaitupa chini mbele ya mulango, ikajifungua yenyewe. Mistari nyeusi ilikuwa bado inaonekana.

Muzee Kitenge akainama. "Huu njo ule mukeka?"

"Njo huu. Kila kiangazi alikuwa anauanika. Wekeni."

"Wewe ni nani wa kutuamuru?" Henri akasema.

"Miye ni mwenye alikuwa anaushika upande ya pili wakati anaukunja. Weka."

Akacheka, lakini midomo tu. "Nitakuwekea miti ya ngazi hapa?"

"Weka hata ngazi moja. Hata usiweke kitu, sema tu mbele ya hawa watu: shamba ya mama yangu niliiuza, na nilipomuona muzima nikasema simujui. Useme ile, na nitachukua nguo zangu na meza yangu nitatoka leo. Shefu ni shahidi."

Shefu wa katiye akanitazama kwa haraka. "Aïcha, unajua yenye unasema?"

"Najua."

Sikuwa najua. Nilikuwa na hasira tu. Lakini mudomo ilikuwa imekwisha kutoa, na Mama angelipa ile bei. Sikuirudisha.

Kila muntu akamutazama Henri, kama ile siku ya Kibombo. Angesema ile maneno, nyumba ilikuwa yake. Maneno tu, haibebwi hata na mukokoteni. Akamutazama mujomba, akatazama wamama kwa ukuta, akatazama mukeka. Akasema: "Siwezi kusimamishwa hapa na mutoto wa njiani. Mujomba, tia mukono kwa karatasi, tumalize."

Muzee akaficha mikono ndani ya koti yake kama mutoto. "Mukono yangu ilikula mbuzi," akasema. "Haitaandika kitu juu ya Scholastique paka ile mukeka ijae. Na miye nitaleta mbuzi yangu. Si leo. Leo sina. Lakini nitaleta."

"Basi tutaonana tribunali!"

"Tribunali iko kule," nikamwonyesha na kidole. "Fuata barabara, usikanyage mukeka."

Akatoka. Wamama wakamufungulia njia, mumoja akamwambia: "Safari njema, mwenye hajui mama yake." Nikasikia motere ya pikipiki inawaka, ikaenda.

Nilifikiri imekwisha. Nilifikiri Marie-Louise atamufuata yaya yake kama siku zote. Akasimama, akaenda paka kwa mukokoteni. Akaanza kufungua ile blanketi.

Ilikuwa mashini. Nyeusi, rangi imetoka pale mukono unapita. Alikuwa amekuja kuhamia, basi alikuwa amekuja na vyote. Shefu akataka kumusaidia, akakataa na kichwa. Aliibeba peke yake, mugongo umepinda, akaiweka juu ya mukeka, pole pole, kama muntu analaza mutoto mwenye amelala.

"Alinunua hii na mikate," akasema. "Alinifundisha kushona na hii. Nilinyamaza juu ya hii chuma. Nilijua ni yeye. Pale kisimani nilijua, alipoomba maji. Hakuna mwingine anaomba maji hivi, kama anakugombeza."

Miye, wandugu, nilikuwa nataka kulia na nilikuwa nataka kumupiga. Ile mukeka niliitupa kuwafukuza wote wawili! Sikufikiri mumoja atakaa. Na sasa, kwa desturi yenyewe niliitaka, mwenye aliweka ni mutoto. Si ningesema: hapana, nilikuwa nacheza? Watu wote walikuwa pale. Na Mama, kama alikuwa kwenye alikuwa, alikuwa ananitazama na lile jicho lake la kupima mafuta.

"Sasa maji tutamwangia nani?" muzee Kitenge akauliza. "Mwenyewe hayuko. Haijapata kutokea."

Wote wakanigeukia miye, mutoto wa njiani.

"Mwangia mulango," nikasema. "Pale alikuwa anakanyaga."

Nikamuletea maji ndani ya kopo ya Mama, ile ya kupimia unga. Marie-Louise alipiga magoti, akamwaga kwa kizingiti, akasema: "Mama Scholastique. Mama. Karibu kwako." Akaanguka pale pale kwa maji, akalia. Si kulia ya kuonyesha watu, ile naijua, naiona kila siku kwenye matanga. Huyu alilia na tumbo. Wamama wa mikate wakatoka kwa ukuta wakaanza nao, na miye nikajikuta chini, bega yangu kwa bega yake, na sikuwa nimemusamehe hata kidogo.

Hivyo Mama akarudi muzima, kwa muda ya kopo moja ya maji. Halafu akakufa kama watu wote wanakufa, na mutoto wake analia.

Marie-Louise yuko chumba ya nyuma. Inavuja. Nilimwambia: inavuja, na bati sina. Akasema atashona, tutanunua bati. Anashona pale barzani, juu ya mukeka, maana mashini hatukuiondoa pale. Tunagombana juu ya maji, juu ya sabuni, juu ya mikate yenye anageuza kabla haijaiva. Sijui kama nitamusamehe. Ile si kazi yangu. Kwa testama nyumba ni yangu, lakini kwa mukeka yeye pia ni wa hapa, na hakuna mwenye atamutoa, hata miye.

Mujomba Kitenge alileta mbuzi, imekonda kama mwenyewe, tukamurudisha nayo kwa treni, maana ilikuwa imeanza kula nguo za wateja wa Marie-Louise. Amesema imehesabiwa. Nimesema sawa.

Na kitu moja: tangu ile siku, watu wa reli wameacha jina ya Marehemu. Sasa amekufa kweli, njo wanamuita Mama Scholastique.

Henri, najua watu watakusomea hii. Mwaka inazunguka na tribunali yako haijanitumia hata salamu. Mukeka iko hapa. Upande ya mashini imejaa, upande yako iko wazi, na tunaifagia kila asubui, hatuweki kitu pale, hata kiti. Ukikuja na avoka, yule wa kukusemea tribunali, avoka atasimama inje. Ukikuja na mudomo yako tu, useme ile maneno, miye sikurudisha neno yangu: nitatoka na meza yangu, na kabla nitoke nitakupa mikate ya moto.

Lakini kufuli uliisahau uani. Ile tumeifunga jikoni, inafanya kazi vizuri. Hairudi.